Maua ya Karatasi Nayo ni Utamaduni

Wapo miongoni mwetu watu ambao wakisikia neno utamaduni hawaoni kitu kingine ila ngoma, mkuki wenye kutu na kibuyu kilichotundikwa ukutani. Kwao utamaduni ni mali ya marehemu: kila kilichoachwa na wafu ni chetu, na kila kinachofanywa na walio hai ni cha kigeni mpaka nacho kife. Fikra hiyo imekaa katika vitabu, imekaa katika hotuba, na mbaya zaidi imekaa katika ofisi zinazoamua ni kazi gani ya mikono itakayowekwa mezani siku ya maonyesho na ni ipi itakayorudishwa nyumbani ndani ya kikapu. Nakusudia kuipinga fikra hiyo, na shahidi wangu katika shauri hili ni kitu kidogo sana: ua la karatasi lililobandikwa juu ya boksi la viatu.

Najua wengine watacheka. Watasema kwamba taifa lina mambo makubwa ya kujadili, na kwamba mtu mzima mwenye mvi hana budi kuona haya kushika kalamu kwa ajili ya maua ya watoto. Nawajibu kwamba mimi ni mtumishi wa masjala, elimu yangu ni ya kidato cha nne, na mashairi ninayoyatunga usiku hayajanipa cheo chochote. Basi sina heshima kubwa ya kupoteza. Tena karibu miaka thelathini nimeishi na karatasi, nikizipanga, nikizitoboa, nikizifunga kwa kamba za kijani na kuzitafuta zinapopotea. Marehemu Shaaban Robert naye alikuwa karani wa serikali kwa miaka mingi, na hakuna aliyemwambia kwamba karani hajui uzuri. Makarani tuna haki yetu ya kusema juu ya karatasi.

Ninakaa katika kata ya Shirimatunda, Manispaa ya Moshi, mahali ambapo mji na mgomba havijakubaliana mpaka. Mbele ya nyumba ni matofali na bati, nyuma yake ni migomba mitatu minne na mparachichi, na asubuhi na mapema, kabla mawingu hayajaamka, Kibo huonekana juu ya vyote kana kwamba anahesabu watu. Katika nyumba hizi boksi halitupwi. Boksi la viatu, la sabuni, la majani ya chai, hata lile lililobeba redio, huingia nyumbani likiwa na bidhaa na hubaki likiwa na kazi nyingine. Ndani ya moja hukaa kadi za kliniki za watoto, vyeti vya kuzaliwa na vya ubatizo, stakabadhi za kahawa za chama cha msingi tangu enzi za babu, na picha ya harusi iliyoanza kugeuka rangi ya chai. Ndani ya jingine hukaa nyuzi, vifungo, sindano na mkasi.

Sisi wa masjala tuna makabati ya chuma, na tuna Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya mwaka 2002 inayotuambia lipi litunzwe na lipi liteketezwe, na kwa idhini ya nani. Mama wa Shirimatunda hana kabati la chuma. Ana boksi, na sheria yake ni ua. Boksi tupu lisilo na pambo mtoto huliwashia moto, au fundi aliyekuja kuziba bati hulichukua akachanganyie rangi. Boksi lenye ua juu ya kifuniko kila aingiaye nyumbani hujua kwamba lina mwenyewe na kwamba ndani yake mna jambo. Kwa hiyo anayesema kwamba ua lile ni pambo tupu hajawahi kutafuta cheti cha kuzaliwa cha mtoto siku moja kabla ya kuandikishwa shule.

Na kazi yenyewe si nyepesi kama inavyodhaniwa na wale wasioifanya. Kwanza boksi huimarishwa pembe zake kwa vipande vya kitenge kilichochakaa, kwa sababu boksi hufia pembeni kabla ya kufia katikati. Kipande kirefu zaidi hushonwa au hubandikwa nyuma ya kifuniko kiwe bawaba. Kisha boksi zima huvikwa karatasi ya kaki, na bora kuliko zote ni ile ya tabaka la ndani ya mfuko wa saruji, iliyokung'utwa mbali na nyumba na kufutwa kwa kitambaa chenye unyevu, maana vumbi la saruji huwasha ngozi na macho. Gundi ni uji mzito wa unga wa ngano, uliopikwa polepole pasiwe na mabonge. Ubaya wake ni kwamba mende huupenda, na fundi hodari huupaka kiasi cha kushika tu, asiache karamu.

Ndipo lifuate ua. Gazeti la zamani, kurasa za daftari la mtoto aliyemaliza darasa, kalenda ya mwaka uliokwisha, bahasha: kila karatasi ina tabia yake. Ya kalenda inang'aa lakini ni ngumu na huvunjika mkunjo. Ya gazeti ni laini na hutii kidole, lakini ikilowa huteketea. Fundi huichana kwanza pembeni apate kujua nyuzi zake zimelala upande gani, kwa kuwa karatasi ina nyuzi kama mbao: ukizifuata huchanika moja kwa moja, ukizikata huenda upande kama ng'ombe asiyetaka kamba. Rangi haihitaji kununuliwa. Manjano ya jikoni hutoa njano, majani ya chai yaliyochemka sana hutoa rangi ya udongo, maganda ya vitunguu maji hutoa rangi ya dhahabu iliyofifia. Petali zikisha kukauka hupitishwa juu ya mgongo wa kisu zijikunje, huzungushwa kwenye kijiti, na hufungwa kwa uzi uliochanwa kutoka katika gome kavu la mgomba. Mwisho wa yote huja kipande cha mshumaa, kinachosuguliwa taratibu juu ya petali ili unyevu wa masika usizilegeze. Nimeona mikono iliyolima tangu alfajiri ikifanya kazi hiyo usiku chini ya taa, nayo haitetemeki.

Sasa niseme lililonifanya nishike kalamu. Miaka kadhaa iliyopita nilikwenda kutazama onyesho moja la kazi za mikono, ambalo sitalitaja, wala sitawataja walioliandaa. Majirani zangu, akina mama sita, walikuwa wamepeleka maboksi yao, na kwa macho yangu yalikuwa mazuri. Waliambiwa kwamba meza ni za kazi za asili, na kwamba boksi la katoni lenye maua ya karatasi si la asili. Mmoja wao aliyafunga maboksi yake ndani ya khanga akaniambia, “Jirani, tumeambiwa turudi mwakani tukiwa na vibuyu.” Nilitazama meza kuu. Mbele ya kiti cha mgeni rasmi palikuwa na chombo cha kioo kimejaa mawaridi ya plastiki, mekundu kama damu ya sinema, yenye umande wa plastiki juu yake. Nikamwuliza afisa aliyesimama hapo, kijana mwenye adabu na shahada, kwamba waridi lile ni la asili ya kabila gani. Akacheka, akasema, “Mzee wangu, hilo ni pambo tu.”

Ndugu msomaji, katika maneno hayo mawili, pambo tu, ndimo ugonjwa wote ulimolala. Kitu tulichokitengeneza kwa mikono yetu hudaiwa cheti cha ukoo mpaka kwa babu wa nne. Kitu tulichokinunua, kilichosafiri baharini ndani ya kontena, hupita bila kuulizwa hata jina lake, na hupewa nafasi mbele ya mgeni rasmi. Wazee wetu wa siasa walikuwa na jina la jambo hili. Waliliita kasumba, na hawakukosea, maana mtu aliyelewa kasumba humfukuza ndugu yake mlangoni akamfungulia mgeni dirisha.

Tarehe 10 Desemba 1962, alipolihutubia Bunge baada ya nchi kuwa jamhuri, Mwalimu Nyerere alitangaza kuundwa kwa wizara ya utamaduni wa taifa na vijana. Wizara ile haikuundwa iwe makaburi ya vitu. Iliundwa kwa sababu mkoloni alikuwa amewafundisha watu kuyadharau ya kwao. Kama leo tunamfundisha mama kudharau kazi ya vidole vyake kwa kuwa si kongwe vya kutosha, tunafanya kazi ile ile kwa mshahara wetu wenyewe.

Tuitazame basi hoja hii ya asili, maana ndiyo ngome yao. Kahawa ilifika katika mlima huu pamoja na wamisionari wa Kilema katika miaka ya 1890. Babu zetu waliipokea, wakaipanda chini ya migomba, wakaunda chama chao cha wakulima mwaka 1925 na chama kikuu cha KNCU mwaka 1933. Ni nani atakayesimama Kibosho au Marangu akatangaze kwamba kahawa si ya Mchaga? Khanga kwa miaka mingi ilichapwa India na Ulaya, kabla kiwanda cha Urafiki hakijaanza kazi Dar es Salaam mwaka 1968. Lakini maneno yake ni yetu, mafumbo yake ni yetu, na hakuna Mzungu anayeweza kugombana na wifi yake kwa njia ya khanga. Makasha ya Zanzibar na Lamu, yaliyopigiliwa misumari ya shaba, ambayo majumba ya makumbusho huyaonyesha kwa fahari, mengi yake yalikuja kwa majahazi kutoka India na Ghuba, na mafundi wa pwani wakajifunza na kutengeneza ya kwao. Kama kasha la bibi harusi wa Unguja lina haki ya kupambwa, boksi la bibi harusi wa Shirimatunda limekosa nini? Limekosa shaba tu. Umaskini wa kitu umefanywa ushahidi wa ugeni wake.

Na kama mfano wa pwani ya zamani hautoshi, ninao wa karibu zaidi. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza kuchora Dar es Salaam mnamo mwaka 1968. Hakuwa na turubai wala rangi za wasanii. Alichukua vipande vya ubao mwembamba wa kujengea dari, akavipaka rangi ya kupakia baiskeli, akaviuza kando ya barabara huko Oyster Bay. Alifariki mwaka 1972, akiwa ameifanya kazi hiyo kwa miaka michache mno. Leo jina lake ni jina la mtindo mzima wa uchoraji, na wageni wa serikali hupewa picha za mtindo huo kama alama ya Tanzania. Najiuliza: mwaka 1968, kama angevipeleka vibao vyake mbele ya meza ya asili, angepokelewa na nani? Angeambiwa kwamba hadibodi si ya jadi na rangi ya baiskeli si ya mababu. Angeambiwa arudi na kibuyu.

Nje ya nchi yetu watu hawana soni hii. Huko Mexico, kila mwanzo wa Novemba, katika siku za kuwakumbuka wafu, nyumba na makaburi hupambwa kwa karatasi zilizotobolewa na kukatwa kwa ustadi, na maua ya karatasi yamo. Hakuna Mmexico aliyesema kwamba karatasi ilibuniwa China na kwa hiyo iondolewe.

Nimetaja makaburi, na hapa sina budi kukaa kidogo, kwa kuwa jambo hili linatuhusu sisi wa mlimani kuliko wengine. Mchaga humzika mtu wake nyumbani, katika kihamba. Kaburi halimo ng'ambo ya mji mahali pasipoonekana. Limo kati ya migomba, mahali tunapopita kwenda kukata majani ya ng'ombe. Mwezi wa Desemba watoto wanaporudi kutoka Dar es Salaam, Mwanza na kwingineko, makaburi husafishwa na mashada huwekwa. Zamani mashada hayo yalikuwa ya majani na maua mabichi, kisha yakaja ya karatasi, ambayo akina dada wa nyumbani waliyatengeneza kwa siku mbili tatu wakizungumza habari za marehemu. Na mazungumzo yale, kwa maoni yangu, ndiyo yaliyokuwa shada lenyewe. Siku hizi huja shada la plastiki, limefungwa ndani ya mfuko wa plastiki, limesokotwa juu ya waya. Huwekwa, watu hupigwa picha, magari huondoka. Masika hupita, vuli hupita, masika hurudi. Ua la karatasi lingekuwa limekwisha kuwa udongo na kulisha mgomba. La plastiki lipo, jeupe kama mfupa, limepoteza rangi yake lakini halijui kufa. Hatimaye hupasuka vipande vipande, na mvua huvishusha vipande hivyo katika mifereji ile ile ambayo mababu waliichimba kuleta maji kutoka msituni.

Tarehe 1 Juni 2019 serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, nasi wananchi tukatii. Mji wa Moshi, ambao sifa yake ya usafi haikuanza jana, ulitii kwa furaha. Lakini kanuni zile zilihusu mifuko. Ua la plastiki halikuguswa. Limebaki juu ya meza za ofisi zile zile zilizosimamia marufuku, likikusanya vumbi. Na kichekesho kimoja sharti kiandikwe. Kwa miongo kadhaa mashamba ya mkoa jirani wa Arusha yamekuza mawaridi ya kweli na kuyapeleka Ulaya kwa ndege. Tunapeleka ng'ambo waridi linalonukia, na kutoka ng'ambo tunaagiza waridi lisilonuka, kisha tunaliweka mbele ya mgeni rasmi na kumweleza juu ya kujitegemea.

Wapo wanaosema kwamba kazi hii ni ya wanawake na watoto, na wakishasema hivyo hudhani wamemaliza. Sijui ni lini kazi ya wanawake iliacha kuwa kazi ya taifa. Koroboi lililotusomesha wengi wetu lilitengenezwa na mafundi wanaume kwa makopo yaliyotupwa, na hakuna aliyeliita mchezo. Mwanamke akigeuza boksi lililotupwa anaambiwa anapitisha wakati. Kwa miaka mingi shule zetu za msingi zilikuwa na somo la stadi za kazi, na katika shule nyingi lilikuwa ndilo somo la kwanza kuibiwa kipindi mtihani ulipokaribia. Mtoto aliyefunzwa kukunja karatasi apate petali tano zinazolingana amejifunza kugawa duara, amejifunza subira, na amejifunza kwamba takataka ni neno tu. Wavulana nao wafundishwe. Nimemwona mmoja, mwana wa jirani, anayekata petali kwa wembe bila kuchora kwanza, na baba yake alikuwa akimficha kana kwamba ana ugonjwa.

Upande wa pili wamesimama rafiki zetu wa semina. Hao hawaidharau kazi hii. Wanaipenda kwa namna inayoichosha. Wanakuja na chati na kalamu za rangi, wanawaambia akina mama kwamba kila ua lisilouzwa ni hasara, na kwamba sharti wote watengeneze umbo moja, kipimo kimoja, rangi anayoitaka mteja wa hoteli. Sipingi kuuza. SIDO iliundwa mwaka 1973 ili mikono midogo ipate soko, na mama akilipa ada ya shule kwa maboksi yake nitampigia makofi. Ninalolikataa ni kudai kwamba kitu kisichopita sokoni hakina thamani. Boksi la vyeti haliuzwi. Shada la marehemu haliuzwi na aliyelitengeneza. Ukishamfundisha mtu kwamba vitu hivyo ni hasara, kesho ataacha kuvitengeneza na atanunua vya plastiki, kwa fedha ile ile ya maboksi aliyouza.

Lakini nisiwatetee mafundi wetu kwa kila jambo, maana utetezi wa namna hiyo ni dharau nyingine. Wana kosa moja kubwa: wanakata waridi tu. Ukizunguka nyumba ishirini utakuta mawaridi ishirini, na yote yametoka katika kalenda na kadi za harusi, si katika bustani. Vidole ni vyetu lakini jicho bado limekodishwa. Wengine huongeza unga wa kumetameta, ambao nao ni plastiki iliyosagwa, hata boksi likawa kama gari la matangazo. Na wengine hupanga maua mengi juu ya kifuniko hata boksi lisifunguke bila kupondeka. Boksi lisilofunguka si boksi tena.

Mlima huu hauna upungufu wa maua. Ua la mbuni, kwanza, ni jeupe, lina petali tano kama nyota, hutoka vishada vishada pale jani linapokutana na tawi, na baada ya mvua likichanua shamba zima hunukia kwa siku chache kisha kwisha. Nani ameliweka juu ya boksi la stakabadhi za kahawa, mahali palipo pake hasa? Karatasi ya daftari inatosha, haihitaji hata rangi. Lipo ua la mgomba, zito, la zambarau iliyoiva, ambalo karatasi ya kaki iliyochovywa katika maji ya rozela hulifaa kuliko kitu chochote. Na kule juu, msitu unapokwisha na baridi inapoanza kuuma, ipo mimea ambayo wataalamu huiita Helichrysum, yenye maua madogo makavu, meupe na ya njano, yanayopwaya na kuparara ukiyagusa kama karatasi. Hayanyauki hata baada ya kuchumwa. Zamani waongozaji wa wageni waliyasokota mataji wakawavika waliofika kileleni. Sasa ni hifadhi ya taifa, hayachumwi, na ni vizuri hivyo. Lakini fikiri: mlima wenyewe hutengeneza maua ya karatasi, na sisi tulio miguuni pake tunabishana kama maua ya karatasi ni ya asili!

Moja tu nisingependa kuliona, nalo ni jani la isale. Isale kwa Mchaga si pambo. Ni mpaka wa kihamba, ni alama ya kaburi, na ni jani analopeleka mkosaji anapokwenda kuomba msamaha, ambalo aliyekosewa ni vigumu kulikataa. Likibandikwa juu ya boksi la sukari kwa kuwa ni la kijani na linajaza nafasi, neno kubwa litakuwa limesemwa bila maana. Boksi la wosia, au la barua za watu waliopatana, hilo sawa.

Hoja yao ya mwisho ni kwamba karatasi haidumu, na kwamba sanaa sharti idumu. Niliwahi kuijibu kwa ubeti, na kwa kuwa ni wangu mwenyewe sitaomba ruhusa ya mtu:

Ua hili la gazeti, halidai maji yako,
Hukulitolea noti, kazi ya mkono wako,
Lipambe kasha na kiti, litunze siri za kwako,
Likifikwa na wakati, larudi shambani mwako.

Ngoma nayo haidumu. Ikikoma, imekwisha mpaka ichezwe tena, na hakuna aliyesema kwa ajili hiyo kwamba si sanaa. Kudumu kwa ngoma ni kule kuchezwa tena, na kudumu kwa ua la karatasi ni kule kukatwa tena, na binti aliyemwona mama yake akikata. Plastiki ndiyo iliyotudanganya kwamba kudumu ni kukaa mahali pamoja bila kuoza.

Basi sasa nasema ninachotaka, kwa lugha ya masjala, ili lisiwepo la kutafsiriwa. Sheria iliyounda Baraza la Sanaa la Taifa ni ya mwaka 1984, na Sera ya Utamaduni ni ya mwaka 1997. Katika mazungumzo yetu ya kila siku ya utamaduni tunazitambua sanaa za ufundi, na boksi lililopambwa ni sanaa ya ufundi kwa maana yoyote ya maneno hayo. Maafisa wanaopanga maonyesho ya wilaya na mikoa waweke meza ya kazi za nyumbani, na swali waulizalo mlangoni liwe ni nani ameitengeneza, ameitengenezaje na kwa matumizi gani. Swali la ni ya karne ngapi waliache kwa watu wa makumbusho. Juu ya kila kazi iandikwe karatasi imetoka wapi, rangi imetoka wapi na ua ni la mmea gani, kwa Kiswahili, na kwa Kichaga kama fundi ni Mchaga. Magazeti ya zamani ya ofisi, yale ambayo hayamo katika majalada wala hayana siri, yapelekwe katika shule za jirani badala ya kuchomwa nyuma ya jengo. Na siku ya ufunguzi, kabla mgeni rasmi hajaketi, mtu mmoja atumwe mapema kwenda meza kuu, ayaondoe mawaridi ya plastiki, na mahali pake aweke boksi moja la viatu kutoka Shirimatunda, lenye ua la mbuni juu ya kifuniko, na ndani yake hotuba ya mgeni.